Baba Ni "Groomy"

Nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu hapa Ruring'u, ukungu umeuficha mlima, na moshi wa kuni mbichi unaingia dirishani kutoka kwa jirani. Moshi huo hunirudisha jikoni kwa mama, nimekalia kigoda, daftari la Kiingereza magotini.

Mwalimu alikuwa ametupa neno moja, "gloomy", tulitungie sentensi. Alilitamka tu, hakuliandika ubaoni. Nikamuuliza mama maana yake.

"Groomy?" akasema, akipuliza moto; kwetu "l" hugeuka "r" mdomoni. "Si ni hii baridi ya Julai, jua ikikataa kutoka. Na hata mtu anaweza kuwa groomy. Ona baba yako."

Baba alikuwa ameketi karibu na mlango. Tangu tumzike nyanya, mama yake, alikuwa haongei, na chakula alikirudisha nusu. Basi nikaandika nilivyosikia: "My father is groomy."

Kesho yake daftari lilirudi na wino mwekundu: "Groom ni bwana harusi. Kwani baba yako anaoa tena?" Darasa zima lilicheka. Nilifika nyumbani nikilia, nikampa baba daftari. Akasoma, akarudia kusoma. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani naye analia.

"Bibi harusi!" akamwita mama, kumbe anacheka. "Ati leo bwana harusi hapewi chai?"

Mama alimmiminia kikombe hadi kikafurika, huku akijipangusa macho na kusingizia moshi.

Siku hizi, mtoto akiniandikia "groomy", naweka kalamu nyekundu chini na kumuuliza kwanza, "Watu wa nyumbani wako aje?"