Fundi wa Rangi na Mwiba Wake

Fundi wa rangi wa Makindu alitembea na mwiba wa mgunga nyuma ya sikio, pale wenzake wanapoweka penseli. Kila nailoni ya kufunika rangi ya gari isikwaruzwe ilipimwa kwa mwiba huo. Kwanza aliivuta, akainusa, akaitandaza juu ya Biblia aone kama mstari unasomeka, kisha akaikwaruza. Nyingi zilichanika. "Hii ni ya kufungia mkate," alikuwa akisema, kwa upole wa shemasi anayetangaza msiba.

Mwalimu Mutindi aliupenda ukali huo. Datsun yake nyekundu ilikuwa imetoka kupakwa rangi na fundi huyo huyo, na barabara ya kwao Tawa ilikuwa na miiba pande zote. Nailoni iliyoushinda mwiba ilibandikwa mlangoni kwa gundi. Baada ya miezi mitatu aliirudisha gari ikaguliwe. Fundi akaibandua nailoni taratibu, nayo ikatoka na rangi yote, mlango ukabaki bati tupu. Mutindi alishika kiuno. Fundi aliiinua nailoni juani, akaigeuzageuza, akatabasamu.

"Mwalimu, angalia mwenyewe. Haina hata mkwaruzo."