Dumu Jeupe la Haneti

Kila asubuhi, kabla hajagusa ufagio, Zablon hutoboa madumu. Huyalaza nyuma ya jengo la maabara za kemia za chuo, huchukua msumari wa inchi nne na nyundo yenye mpini uliolegea, na kila dumu tupu lililotoka maabara hulipiga matundu matatu kitakoni. Hata chupa ya sabuni ya vyoo haimpiti.

“Mganga wa matundu keshaanza,” husema Sabrina, mfagiaji mwenzake, akijifunga kanga juu ya sare. Jumanne moja alimsogelea kabisa. “Hilo moja niachie, kaka. Bomba la kwetu wiki nzima linakoroma tu.”

“Halifai.”

“Na mwaka jana nani alikuwa wa kwanza kuyabeba?” Sabrina alicheka, kisha akakumbuka, akajiziba mdomo. “Nisamehe, baba Miriam.”

Zablon akapiga msumari.

Mwaka jana alibeba, kweli. Kwao Haneti maji hufuatwa kwa punda, na dumu halitupwi mpaka plastiki yake ianze kupukutika. Mtu wa kazi ya mjini akirudi mikono mitupu, watu humwitikia salamu vizuri tu, lakini macho yao humzunguka mgongoni kutafuta alichobeba. Mama yake alikuwa na madumu mawili, moja limezibwa kwa ndala iliyoyeyushwa.

Basi alipoliona dumu jeupe la lita ishirini, mdomo mpana, mfuniko wa buluu, moyo ulimruka. Lilikuwa kwenye kona ya taka za maabara. Ubavuni lilikuwa na kibandiko kilichobandikwa na Damas, fundi wa maabara: picha ya mkono ukiliwa na matone. Zablon aliijua alama ile. Alihudhuria semina ya usalama, akala sambusa zake, akasikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba dumu lililobeba dawa kali husuuzwa mara tatu, hutobolewa, ndipo hutupwa. Lakini siku ile maji hayakupanda ghorofani. Alilisuuza mara moja kwa yaliyobaki kwenye ndoo. Magadi makali ya maabara, yale yachomayo ngozi na kuchemka yakiguswa na maji, yaliyoganda kitakoni kama chumvi, hakuyaona, au aliyaona akayadharau. Mpaka leo hana hakika.

Kisha akakaa kwenye ngazi, akakikwangua kibandiko kwa kucha ya dole gumba na mafuta ya taa kidogo, taratibu, mpaka ubavu wa dumu ukang'aa. Zawadi ya mama haipaswi kufanana na kitu kilichookotwa jalalani.

“Jipya hili, mama,” alisema alipofika nyumbani. “La dukani.”

“La dukani!” Mama alilizungusha mara mbili. “Hili nitalificha. Majirani wa hapa wakiazima kitu, kinarudi kimezeeka.”

Aliyetumwa kulisuuza ni Miriam, binti wa Zablon, miaka minane, aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Alifanya kama wafanyavyo watoto wote wa pale, maana maji si ya kuchezea: akamimina vikombe viwili, akafunga mfuniko, akalitikisa dumu kwa nguvu zake zote huku akiimba. Likapata moto mikononi mwake. Alipofungua, likamtemea usoni.

Bibi alimwosha kwa kikombe kimoja. Yaliyobaki yalikuwa ya kunywa. Kwenye zahanati muuguzi aliuliza, “Mlimwosha kwa maji kiasi gani?” Bibi akaonyesha kwa viganja, na muuguzi akageukia dirishani.

Sasa Miriam yuko bweni Buigiri, anajifunza kusoma nukta kwa vidole. Zablon akimtembelea, mtoto humshika mikono kwanza, huipapasa kidole kimoja kimoja, ndipo humsalimia.

Chuoni watu walimpa pole. Msimamizi wao alimwambia, “Lilitoka maabara bila alama yoyote, sivyo?” Zablon aliinamisha kichwa. Alikuwa na siku tatu hajalala, na kuinamisha kichwa ndicho kitu pekee alichoweza. Msimamizi akaandika. Kwa kuinama kule, kosa likamwangukia Damas, kwa kuwa dumu lisilo na alama likitoka maabara, wa kulaumiwa ni fundi. Damas alisimamishwa. Sasa, baada ya miezi ya uchunguzi, kamati ya chuo ingekaa Ijumaa kuamua kama afukuzwe moja kwa moja.

Damas alimfuata mara moja tu, getini. “Kaka Zablon, nilikibandika. Wewe unajua nilikibandika.” Zablon alitazama viatu vya mwenzake, vilivyopauka kwa vumbi jekundu, mpaka vikaondoka.

Angesema nini? Mfagiaji aliyebeba dumu la maabara na kufuta alama yake haachiwi ufagio. Na hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa mama yake, ambaye bado humwambia kila jirani kwamba fundi mzembe wa chuo ndiye aliyempofusha mjukuu wake.

Jumatano alikuja Erica, binti wa ofisi ya usalama na mazingira, yule anayeandika matangazo yanayobandikwa kwenye kuta za kila jengo. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba Zablon alilazimika kuiweka nyundo chini.

“Shikamoo, baba Miriam.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nimeandika tangazo la tukio lile. Litatoka baada ya kamati. Nimeona nikusomee wewe kwanza.” Alisoma. Yalikuwa maneno machache: dumu lilitolewa bila alama, mtoto aliumia, vyombo vyote vitobolewe. Alipomaliza hakuikunja karatasi. Alikuwa anatazama dole gumba la Zablon, lililoshika msumari.

“Nilikuwa na maswali mengi,” alisema. “Nimebaki nalo moja.”

“Uliza.”

“Ulipoliokota, kibandiko kilikuwapo?”

Upepo ulizungusha vumbi katikati ya madumu. Sabrina alikuwa ameacha kufagia. Zablon aliona mikono midogo ikipapasa yake, kidole kimoja kimoja, ikifika kwenye dole gumba.

“Kilikuwapo,” alisema. “Nilikitoa mimi.”