Wake Wenza Wawili, Chumba Kimoja cha Meli

Kwa miaka thelathini na moja Bi Tarfa alifundisha jiografia katika shule ya wasichana mjini Unaiza, na miaka tisa ya mwisho alikuwa ndiye mwalimu mkuu. Aliweza kuichora Bahari ya Shamu ubaoni kwa chaki huku akiwakemea wasichana wa nyuma, asikosee ghuba wala kisiwa. Lakini bahari yenyewe hakuwahi kuitia machoni. Marehemu mumewe, Mzee Rushaid, alimpeleka Makka kwa umra kila mwaka, na alikuwa na njia yake moja tu: jangwani kwenda, jangwani kurudi. Jiddah ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka pale, lakini ukimtajia alikunja uso.

"Hewa ya kule inalegeza maungo," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa Mzee Rushaid alikuwa ametangulia mbele ya haki, eda ilikwisha zamani, na watoto walikuwa na majumba yao. Asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu Bi Tarfa alikuwa akinywa kahawa peke yake, akaona kwenye simu tangazo la meli ya kitalii: Jiddah, Safaga, Aqaba, kisha Jiddah tena, safari ya siku sita. Akalisoma mara tatu. Akaenda kuchukua miwani yake nzuri, akalisoma mara ya nne.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Chumba cha meli huuzwa kwa watu wawili, na anayelala peke yake hulipia vitanda vyote. Akampigia simu binti yake Jawza, aliyeolewa Riyadh.

"Mama, mimi nina mimba ya miezi saba," alisema Jawza. "Unataka nikazalie Aqaba?"

Akampigia dada yake. Dada akasema angemwombea dua, lakini angeomba akiwa nchi kavu.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ukuta, aliishi Bi Wadha, mke mdogo wa marehemu. Ukutani palikuwa na mlango mdogo wa chuma wa kuunganisha nyua mbili, na komeo lake lilikuwa upande wa Bi Tarfa. Wake wenza hawa hawakuwahi kugombana hata siku moja, na hawakuwahi kukaa pamoja saa nzima pia. Walisalimiana, walipelekeana sahani za futari Ramadhani, basi. Bi Wadha alikuwa mdogo kwa miaka kumi na miwili, mnene, mwepesi wa kucheka, na vileja vyake vya iliki vilijulikana mji mzima. Bi Tarfa alivuta komeo, akaenda kumwomba jambo dogo.

"Mama Thunayyan! Leo jua limechomozea wapi?" alisema Bi Wadha, mikono imejaa unga. "Karibu, kaa."

"Sikai. Nimekuja kukuomba unimwagilie ndimu zangu. Nasafiri mwezi ujao."

"Unakwenda wapi?"

"Baharini."

"Baharini wapi? Bahari ina mitaa?"

"Kwenye meli, Wadha. Meli ya kutembeza watu. Siku sita."

Bi Wadha akaacha kukanda. "Na nani?"

"Bado natafuta mtu."

"Acha kutafuta," alisema Bi Wadha, akajifuta mikono kwenye gauni. "Ndimu atamwagilia mwanao Thunayyan. Nikuletee pasi yangu sasa hivi au jioni?"

Bi Tarfa alirudi kwake bila kujua ni wakati gani alikubali. Alijaribu kukumbuka neno alilolisema na hakulipata. Lakini pasi ya Bi Wadha ilikuwa mkononi mwake, ina alama ya vidole vya unga.

Basi akafanya lile aliloliweza kuliko yote: akapanga. Alinunua faili la kijani. Akatia humo karatasi za meli, za ndege, za hoteli, na ramani ya bandari aliyoichora mwenyewe. Jioni walipompigia wakala wa safari, simu ikiwa imewekwa sauti ya kusikika chumba kizima, mambo yakaharibika mwanzoni kabisa.

"Tuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha, ndivyo nafuu," alisema mwanamke wa wakala.

"Hicho tutachukua," alisema Bi Tarfa.

"Hatuchukui!" Bi Wadha aliisogelea simu kama anayetaka kuiuma. "Chumba kisicho na dirisha nitakipata bure siku nikifa, sina haraka nacho. Mwanangu, vipo vyenye roshani?"

"Vipo, mama."

"Ndicho hicho. Nusu yake nalipa mimi, nauza vileja toka huyu mwenzangu akiwa na nywele nyeusi."

Siku ya pili ubishi ulihusu Jiddah. Bi Tarfa alitaka wafike siku mbili kabla ya meli kuondoka.

"Siku mbili za nini?" aliuliza Bi Wadha. "Ndege ni saa moja na nusu. Tunakunywa chai hapa, tunashuka, tunapanda meli."

"Na ndege ikichelewa? Meli haimsubiri mtu anayetafuta kiatu chake."

"Hicho kiatu ni mimi nimesemwa?"

"Sijataja jina."

Mwisho Bi Wadha alikubali aliposikia kuwa Jiddah kuna soko ambapo unamchagua samaki wako mwenyewe akiwa bado ananing'inia mkononi mwa muuzaji.

Ikabaki hofu ya kichefuchefu. Bi Tarfa alikuwa amesoma mengi juu ya kutapika baharini, na kadiri alivyosoma ndivyo tumbo lilivyomchafuka akiwa palepale sebuleni. Bi Wadha akaja na dawa yake: wajizoeze kwenye bembea. Alasiri moja wakaenda bustani ya manispaa, wakangoja watoto wachoke, kisha aliyekuwa mwalimu mkuu akakaa kwenye bembea ya rangi nyekundu, abaya ameikusanya mapajani, naye Bi Wadha akamsukuma kwa nguvu zote.

"Polepole!"

"Mawimbi hayana polepole, mwalimu!"

"Wadha, nisimamishe! Wadha!"

Aliposhuka alishika mti kwa muda. Mama mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akamtazama vizuri. "Si wewe ulinifundisha darasa la tisa?" Bi Tarfa akajibu kwamba hapana, labda anamfananisha. Bi Wadha alicheka njia nzima mpaka nyumbani, na kwa siku tatu kila akifunguliwa mlango wa ukutani aliupunga mkono mbele na nyuma kama bembea.

Walifika Jiddah Jumanne jioni. Masanduku matatu yalikuwa ya Bi Wadha, moja la Bi Tarfa. Katika moja la Bi Wadha mlikuwa na jiko dogo la gesi ambalo Bi Tarfa alikuwa ameshalitoa mara mbili Unaiza, na ambalo uwanja wa ndege walilitoa mara ya tatu.

Hoteli ilitazama bahari. Bi Tarfa hakungoja hata kubadilisha viatu. Alivuka barabara, akapita kati ya familia zilizotandika mikeka na vijana waliokuwa wakipiga picha, akafika kwenye ukuta wa mawe ambapo maji yalipiga na kurudi. Alisimama hapo muda mrefu. Bi Wadha alimfuata akihema.

"Haya, mwalimu. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Ni kama ulivyowafundisha wale watoto?"

"Rangi niliwakosea," alisema Bi Tarfa. "Siku zote nilitumia chaki ya buluu. Kumbe kuna na kijani."

Wakaenda kula samaki. Bi Wadha alichagua mmoja mkubwa kama mto wa kulalia, akapikiwa na wali wa kahawia wa vitunguu, na hawakubakiza kitu.

Jumatano asubuhi Bi Tarfa alifungua faili la kijani kulipitia kwa mara ya mwisho. Pasi ya Bi Wadha aliikagua: sawa. Akaichukua yake, ambayo hakuwa ameikagua tangu aiweke mle, kwa sababu ilikuwa yake. Akasoma tarehe ya mwisho. Akasoma barua ya kampuni ya meli: pasi iwe na muda usiopungua miezi sita. Yake ilikuwa na miezi minne.

Alikaa kitandani, pasi mkononi. Bi Wadha alitoka bafuni na taulo kichwani, akamkuta hivyo.

"Kuna msiba?"

Bi Tarfa akamnyooshea pasi. Alingoja kicheko. Alijua anastahili kuchekwa, na alikuwa tayari ameshaona vile kisa hiki kitakavyosimuliwa Unaiza nzima, pamoja na ile bembea.

Bi Wadha alisoma, akahesabu kwa vidole. "Meli inaondoka kesho saa ngapi?"

"Mlango wanafunga saa tisa alasiri."

"Basi ni mapema. Pasi siku hizi si wanaomba kwa simu? Toa hiyo simu."

Wakajaza maombi pamoja, mmoja akisoma namba na mwingine akibonyeza. Wakalipa. Jibu likaja baada ya kitambo: pasi mpya ingechukuliwa ofisini, hapohapo Jiddah, kesho yake kuanzia saa nne asubuhi.

"Isipokuwa tayari, wewe nenda," alisema Bi Tarfa. "Chumba kimeshalipiwa."

"Niende nikalale na nani? Na yule nahodha?" Bi Wadha alikuwa akivaa abaya yake. "Inuka. Hapa utatazama hiyo karatasi mpaka ichakae. Twende mjini."

"Leo hatukupanga kwenda mjini."

"Ndiyo maana tunakwenda."

Wakazunguka mji mkongwe mpaka adhuhuri ikapita, chini ya madirisha ya mbao yaliyotokeza nje ya kuta. Bi Wadha alisimamisha kila muuza manukato na hakununua. Njaa ilipouma wakasimama kwenye kibanda cha maini ya kukaanga, na Bi Tarfa, ambaye maishani mwake hakuwahi kula akiwa amesimama, alikula mkate wenye maini huku mafuta yakimchuruzika hadi kiwiko.

"Mbona hunicheki?" aliuliza ghafla.

"Nitakucheka tukishapanda meli. Usiwe na wasiwasi, hutanikosa."

"Nasema kweli, Wadha."

Bi Wadha alimeza, akajifuta mdomo. "Miaka ishirini na sita nakaa nyuma ya ukuta wako. Wali wako hauungui, watoto wako hawachelewi shule, wageni wako hawakosi kahawa. Nilidhani wewe hukosei. Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Na komeo liko upande wako."

Bi Tarfa aliacha kutafuna. Alitazama mkate wake. "Lile komeo aliliweka Rushaid," alisema.

"Najua. Alijua tukikaa pamoja tutamsema."

Ilianza kama kikohozi kwa Bi Tarfa, kisha ikawa kicheko ambacho hata muuza maini alikigeukia. Walimsema marehemu kwa heshima, Mungu amrehemu, lakini walimsema vizuri: soksi zake, redio yake, hewa yake ya Jiddah iliyolegeza maungo, na vile alivyowaambia wote wawili, kila mmoja kwa zamu, kwamba mwenzake ndiye asiyependa kutembelewa. Hilo la mwisho kila mmoja alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza.

Alhamisi saa tatu na nusu walikuwa mlangoni pa ofisi ya pasi. Saa nne ikafika, saa tano ikafika. Bi Wadha aligawa vileja kwa watu wote waliokuwa wameketi foleni moja nao, akajua habari za kila mmoja. Saa tano na dakika arobaini jina la Bi Tarfa likaitwa. Pasi ilikuwa mpya, jalada lake likinuka gundi. Aliifungua, akasoma tarehe, akampa Bi Wadha aisome, akaichukua akaisoma tena.

Saa nane kasorobo teksi iliwashusha bandarini. Meli ilikuwa ndefu kama mtaa, nyeupe, ina madirisha yasiyohesabika. Bi Tarfa aliinua kichwa kuitazama hadi shela ikateleza. Alitaka kusita, lakini nyuma yake kulikuwa na mwenzake na masanduku matatu, na hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma.

"Ingia, Mama Thunayyan," alisema Bi Wadha. "Na sasa nianze kukucheka?"

"Anza."

Chumba kilikuwa kidogo na kizuri, vitanda viwili, na roshani yenye viti viwili. Meli iling'oka polepole kiasi kwamba ni Bi Wadha aliyegundua, alipoona jengo moja la bandarini limehama. Magharibi ilipoingia, Bi Tarfa alitoka roshani, akalitafuta jua lilipozama, akaitazama pwani, akapiga hesabu zake, kisha akanyoosha mkono. "Makka ni kule." Wakatandika miswala, wakasali bega kwa bega.

Walipotoa salamu, taa za Jiddah, zilizokuwa mbele yao, zilikuwa zimehamia upande wa kulia.

Bi Wadha alizitazama, akamtazama mwenzake. "Mwalimu, rakaa ya tatu tumesali tukielekea wapi?"

"Meli imegeuka," alisema Bi Tarfa. "Sisi tulianza sawa, na Mungu ameona tulipoanzia."

Wakakaa kwenye viti vyao bila kukunja miswala. Upepo ulikuwa na chumvi na unyevu mzito, na Bi Tarfa aliuvuta kwa kifua kizima. Akauliza kama vileja vimebaki. Vilikuwa vimebaki vinne.

"Chakula chao ni saa ngapi?" aliuliza Bi Wadha akimpa viwili.

"Sijui," alisema Bi Tarfa. "Faili liko sandukuni. Tukisikia njaa tutatoka tuulize."