Mugure na Mashine Iliyosema Haraka

Huko Dundori, ukiulizia nyumba ya Mugure unaweza kuzungushwa kutwa nzima. Ukiulizia kwa Mama Ngoja, hata mtoto atakuonyesha njia. Jina hilo alilipata kwa haki. Mtu akianza kumweleza ugonjwa wa kompyuta yake, Mugure huinua kiganja na kusema, "Ngoja. Anza tena, polepole." Wenzake kanisani hudai kwamba wao wakifika kwenye amina, yeye bado yuko kwenye mkate wa kila siku.

Tabia hiyo aliianza zamani. Alizaliwa Kabazi, akasomea uhazili mjini Nakuru, kisha akaajiriwa na wakili mmoja aliyezungumza kana kwamba maneno yanamchoma ulimi. Mahazili waliomtangulia walikuwa wakiitikia kila kitu na kuandika kile walichobahatika kukisikia. Mugure alimwambia wakili, kwa adabu zote, kwamba angeweza kumwandikia upesi au kumwandikia sawasawa, achague moja. Wakili alinuna siku kadhaa, halafu akaanza kutulia kila baada ya sentensi, na barua zake zikaacha kurudishwa kusahihishwa. Ofisi ile ilipofungwa, Mugure alikuwa anazielewa kompyuta zake kuliko mtu yeyote mle ndani. Akajifunza kuzitengeneza, na alipoolewa Dundori akafungua chumba kidogo karibu na duka la dawa za ng'ombe.

Hapo ndipo Mathenge, mwenyekiti wa chama cha maziwa, alipomkuta asubuhi ya kisa hiki. Mathenge ni mtu mwema, ila amezaliwa na haraka.

"Mama Ngoja, leo usituambie tungoje," alisema badala ya salamu. "Stima ilipotea alfajiri. Imerudi, lakini kile kikompyuta cha mtambo kimekataa, na bila hicho maziwa hayapozwi. Lori linatoka mjini. Likikuta maziwa moto, litageuza na kuyaacha."

"Maziwa ya nani?"

"Ya kila mtu. Na yangu yako ndani."

"Basi twende. Utanieleza tena njiani, polepole."

Kituoni, wakulima walikuwa wamesimama nje karibu na mikebe mitupu, wakitazama dirisha kama watu wanaosubiri habari za mgonjwa. Maziwa yao yalikuwa yamekwisha kumiminwa ndani ya tangi. Kabiru, karani wa mapokezi, aliwasha mashine ili Mugure ajionee. Herufi nyeupe zikaanguka kwenye kioo kama mahindi yanayomwagika kutoka gunia lililopasuka. Kisha kioo kikawa cheusi, kikanyamaza, na mashine ikaanza upya yenyewe.

"Inafanya hivyo tu tangu asubuhi," alisema Kabiru. "Nimeirekodi na simu nisome polepole. Ona."

Katika video ile hapakuwa na maandishi, ila michirizi, mfano wa mvua ya Aprili.

Mathenge alikuwa amesimama mlangoni akizungumza kwa simu yake kubwa na watu waliouza mtambo. Alipokata, uso wake ulikuwa umefura. "Wanasema watatuma fundi Alhamisi. Alhamisi tutakuwa tunapaka maziwa ukutani."

Mugure alivuta kiti, akaketi, akaitazama mashine ikifa na kufufuka tena. Alielewa jambo moja. Kompyuta inapoamka, moyo wa mfumo wake husema kila hatua unayoipiga: nimeona hiki, nimeshika kile. Lakini husema kwa kasi isiyo ya binadamu. Hatua zikikwama, kilio cha mwisho hupita pamoja na mengine yote, na pengine mashine huzima kabla ya kilio hicho kufika kwenye kioo. Ugonjwa ulikuwa unatajwa kila mara, mbele ya macho yao, na hakuna aliyeusikia.

Alimtambua mgonjwa huyu. Alikuwa wakili yuleyule.

Mashine ilipoanza tena, Mugure aliikamata kwenye ile nukta ambapo bado inakubali kupokea agizo. Akaongeza neno moja kwenye mstari wa kuamkia: baada ya kila sentensi, itulie kidogo. Akaongeza jingine: ikishindwa, isijizime, isimame palepale ilipokwama.

"Umeifanya nini?" aliuliza Mathenge.

"Nimeiambia iseme polepole."

Mathenge aliwatazama Kabiru, ukuta, na dari, akitafuta mwenye akili wa kumuunga mkono. "Mashine imekataa kuwaka, lori linapanda mlima, na wewe unaipunguza mwendo?"

"Mwenyekiti, hii imekwisha kukimbia tangu alfajiri. Imefika wapi?"

Mstari wa kwanza ukatokea. Ukakaa. Ukatokea wa pili. Dirishani akachomoza kichwa Mama Cate, mkulima ambaye ng'ombe wake wawili ndio tegemeo lake lote.

"Kabiru, inasema nini?"

"Imehesabu kumbukumbu yake."

"Na sasa?"

"Imeona saa."

"Imeona saa na bado inachelewa?"

Nje watu wakacheka, na Kabiru akageuka mtangazaji. Imeona kibodi. Imeona feni. Imeona nyaya za vipimajoto. Kila mstari alioutangaza ulirudiwa na wakulima hadi nyuma kabisa, mpaka mzee mmoja asiyesikia vizuri akauliza ni nani huyo anayeolewa. Mathenge aliomba waruke mistari michache. Mugure akamwambia kwamba akijua ni ipi, amwonyeshe.

Ndipo ukatokea mstari uliomfanya Mugure ainue kiganja. Mashine ilikuwa imeona diski ya kwanza. Mstari uliofuata ukataja kiwanda kilichoitengeneza, na kiwanda hicho hakitengenezi diski. Ukafuata mwingine: diski ya pili, hii ikiwa na jina sahihi. Halafu mstari wa mwisho, nao ukasimama pale ukitetemeka kidogo: amri za kuanzia kazi hazikuonekana kwenye diski ya kwanza.

"Ngoja," alisema Mugure, ingawa hakuna aliyekuwa anakwenda popote. "Mashine hii imeagizwa ichukue amri zake kwenye diski ya kwanza. Leo diski yake yenyewe imekuwa ya pili."

"Ya kwanza ni ya nani?" aliuliza Kabiru.

"Ni simu. Kiwanda kile hutengeneza simu, na mashine imeidhania kadi yake ni diski."

Kabiru akatoa yake mfukoni. Mathenge akainua ile kubwa. "Yangu hii hapa," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na hatia.

Mugure aliufuata waya mmoja mwembamba kutoka nyuma ya mashine, ukapita chini ya meza, ukapanda rafuni, ukaingia ndani ya kofia ya sufu. Ndani ya kofia, kwa joto na usalama, ililala kabambe moja nyeusi, simu ndogo ya vitufe, betri yake ikiwa imejaa tele.

Mkono wa Mathenge ulipanda wenyewe hadi kichwani pake, ukakuta upara.

"Mwenyekiti," alisema Mama Cate dirishani, "kumbe ni kofia yako inachemsha maziwa."

"Nyumbani stima hupotea kila mara," alisema Mathenge, akiipunguza sauti. "Nikaona hapa kuna kashimo ka kuchaji. Kila siku mimi huchaji hapo, na haijawahi kusema kitu."

"Kila siku unaikuta mashine imeamka," alisema Mugure. "Leo stima ilipokatika, imelazimika kuamka upya ikakuta mgeni kitandani. Kadi ya hiyo simu ina nini?"

"Nyimbo za kwaya tu."

"Basi tusiilaumu. Imeomba amri ikapewa sauti ya tatu."

Kabambe ikachomolewa. Mugure akafuta agizo la kutulia, akaiacha mashine ikimbie itakavyo, na safari hii ilikimbia hadi mwisho. Mtambo ukanguruma nyuma ya ukuta. Kabla ya kuondoka kitini, Mugure alibadilisha agizo la zamani, ili mashine iitafute diski yake kwa jina lake, pasipo kujali nani ameingia kwanza.

Lakini maziwa hayapoi kwa kuambiwa. Lori lilipoingia uani, kipimajoto cha tangi kilikuwa bado juu ya kiwango, na dereva, Kipsang, alikuwa na chake mkononi.

Mathenge alimwahi katikati ya uwanja. Alimshika mkono, akampeleka hotelini ng'ambo ya barabara, akamwagizia chai na mandazi, akaanza kumsimulia juu ya ndama wake aliyetumbukia kwenye pipa la molasi. Mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kutazama saa alieleza rangi ya ndama, ukoo wa ndama, jirani aliyeliacha pipa wazi, na aliyosema mke wa jirani. Kipsang alisahau hata kukoroga sukari.

Kabiru akatokea mlangoni mwa kituo, akainua kidole gumba.

"Haya, njoo upime," alisema Mathenge, akiinuka.

Kipsang alipima. Akapima tena upande wa pili wa tangi, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kufunga mpira wa kunyonyea maziwa. Mama Cate alishusha pumzi, akachukua mkebe wake.

"Mzee," aliita Kipsang, maziwa yalipoanza kupanda ndani ya lori, "na huyo ndama alitoka?"

"Ndama gani?" alisema Mathenge, tayari yuko mbali.