Mkwe Asiyetoka Shambani

Mimi naitwa Tupokigwe, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mdomo wa watu wawili. Kazi hiyo sikuiomba. Kaka yangu Jackson alioa, akamleta mke nyumbani kwetu Kinyala, halafu akaenda zake Chunya kutafuta dhahabu. Mimi nikaachiwa kupeleka na kurudisha maneno kati ya mkewe na baba yetu, kana kwamba sina watoto wa kulisha wala ndizi za kumenya.

Kwetu Wanyakyusa mke wa kijana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hasemi naye. Akimwona njiani anajitosa migombani na kumpa mgongo hadi mzee apite. Mzee naye, kama ana ustaarabu, anakohoa mapema ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Najua, najua, siku hizi mabinti wa Tukuyu wanapiga picha na baba wakwe zao na kuzirusha kwenye simu. Waache warushe. Baba yangu, Mzee Ambindwile, ni wa zamani na hana mpango wa kubadilika.

Sasa fikiria nyumba yenyewe. Baba anakaa sebuleni, Sekela yuko jikoni, katikati kuna ukuta wa mbao ambao hata panya akipiga chafya unasikia. Baba anasema, "Mwambie mkwe wangu ndizi zimeungua, au anataka nife?" Sekela amesikia kila neno. Lakini mimi lazima ninyanyuke, nitembee hatua sita, nimwambie upya. Ndipo namwambia, "Baba anasema leo ndizi zimeiva vizuri." Sekela anajibu, "Mwambie apike mwenyewe." Narudi hatua sita. "Anasema pole, Baba." Baba anatikisa kichwa, ameridhika. Wote wawili wamesikia lile la kwanza, lakini kwetu lililopita ukutani halihesabiwi. Linalohesabiwa ni nililofikisha mimi. Bila hivyo nyumba ile ingeshaungua zamani.

Sekela mwenyewe ni mfupi, kicheko chake kikubwa kuliko mwili, mzaliwa wa Kyela kwenye mpunga wa mabondeni. Mwaka juzi alihudhuria mafunzo ya wakulima pale kwenye kata, akarudi na mbegu ya mpunga wa nchi kavu kwenye mfuko wa rambo na wazimu machoni. Alitaka ule mteremko ulio chini ya migomba ya Baba.

"Mwambie mpunga ni wa Kyela," Baba alisema. "Huku maji hayasimami. Yanakimbia."

"Mwambie ndiyo maana nataka niyafundishe kukaa," Sekela akajibu kutoka jikoni.

Nilifikisha kwamba anamtegemea Mungu. Baba akakubali kwa shingo upande, msimu mmoja tu. Ukishindikana, mteremko anapewa Naseeb, mfanyabiashara wa Ibighi mwenye vitalu vya miche ya parachichi, ambaye alishaomba kuukodi kwa miaka kumi. Jioni ile Sekela aliniambia akiosha masufuria, na safari hii hakucheka. "Wifi, Jackson ananiletea hadithi tu. Nikilikosa hili shamba, mimi hapa ni mgeni anayeosha vyombo." Roho iliniuma kweli, maana ndugu ni wangu na aibu ni yangu.

Basi akaanza. Alichimba makinga maji kukata mteremko, juu yake akapanda majani marefu ya mabingobingo, na mvua ya Desemba ilipoanza kumwagika akapanda mpunga kwa mistari iliyolala kufuata makinga. Mvua ya kwetu haina adabu, ikinyesha saa moja mto wote unageuka chai ya maziwa, na maziwa yenyewe ni udongo wa watu. Mpunga ulipofikia urefu wa kiganja akapanda katikati ya mistari mmea fulani wa jamii ya karanga, wenye majani ya mviringo na maua ya njano, usiopanda juu bali unatambaa tu. Baada ya mwezi ardhi yote ilikuwa imefunikwa. Matone yakaangukia majani badala ya udongo, na maji yaliyotoka chini ya shamba lake yalikuwa meupe unaweza kunawia uso.

Tatizo ni kwamba Baba ndiye bingwa wa jembe Kinyala nzima. Shamba lake ukidondosha sindano unaiona. Alipopita njia ya juu na kuona ule ukijani, alipiga ukelele hadi kuku wakatawanyika.

"Gwe Tupokigwe! Mkwe wangu anaumwa? Shamba limeliwa na magugu! Watu watasema nyumba ya Ambindwile imekufa!"

"Siyo magugu, Baba. Ameyapanda."

"Ameyapanda!" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mkwe wake anafuga kunguni. "Kesho naingia na jembe langu. Hilo usimpelekee, nitalipeleka mwenyewe kwa vitendo."

Sekela alisikia, ukuta ni ule ule. Kesho yake alfajiri akaenda shambani na kukaa humo. Baba akaja na jembe begani, akamwona mkwe ameinama katikati ya mpunga, akakohoa, akageuka. Ataingiaje naye mkwe yumo? Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Sekela alikuwa na nguo za kufua, kuni za kutafuta na watoto wawili wenye njaa. Akachukua mti, akaukunja kidogo, akaufunga kanga yake kuukuu na kofia ya majani, akausimamisha kwenye mpunga ukiwa umeinama. Ukiangalia kutoka njiani unaona mgongo tu wa mwanamke anayepalilia, tena umekupa mgongo kwa heshima tele.

Baba akaja. Akakohoa. Akageuka.

Wiki tatu! Wiki tatu baba yangu mzazi alikuwa anakoholea mti. Sekela hakuwa mjinga, kila asubuhi aliuhamisha, leo mstari wa tano, kesho wa kumi, ili kazi ionekane inasonga. Nilimgombeza. Nikamwambia, "Wifi, huu ni utundu wa kupigiwa!" Yeye akacheka hadi akakaa chini, na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa naye.

Mbaya zaidi Baba alianza kujivuna. Jumapili baada ya ibada akawaambia wazee wenzake, "Wakwe zenu wanashinda kwenye simu. Wangu haondoki shambani. Hata kunyoosha mgongo hanyooshi!" Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Katikati ya Februari mvua ikakata. Mabati yalinyamaza siku tatu, siku saba, siku kumi, na sisi huku hatujazoea hayo. Mpunga ulikuwa umebeba mimba, wakati ambao ukikosa maji unatoa mapepe matupu. Na lile zulia la Sekela, ambalo wakati wa mvua lilikuwa mlinzi, sasa nalo lilikuwa linakunywa kutoka kikombe kile kile.

"Lazima nilikate lote," aliniambia. "Chini kabisa, kwa mundu, mizizi ibaki, majani yalale juu ya udongo yafunike. Siku tatu, wifi. Zikizidi mpunga umekwenda."

Tulikata siku nzima sisi wawili, hatukufika hata robo. Majirani walikuwa na mashamba yao yanayokauka. Mikono pekee iliyokuwa imekaa ilikuwa ya Baba.

"Nenda kamwombe," Sekela alisema.

"Mimi? Nimwambie nini?"

"Utajua. Wewe si ndiye unayejua kusema?"

Nikaenda. Nikamwambia Baba mkwe wake anakiri majani yakatwe. Uso ulimng'aa. "Nilisema! Nilisema au sikusema?" Ulisema, Baba. Lakini kwa mundu, siyo jembe. Mizizi ibaki. "Ibaki ifanye nini?" Ishike udongo, Baba. Alinung'unika, lakini mundu akaunoa. Tukapanga zamu kwa sababu hawawezi kuwa shamba moja, Sekela tangu alfajiri hadi saa sita, Baba kuanzia saa saba hadi jua kuzama.

Saa saba mimi niko nyumbani namenya ndizi zangu, nikasikia Baba anakohoa kule shambani. Akakohoa tena. Akakohoa kwa nguvu. Nikasema huyu mzee kapata homa ya mapafu. Kisha nikakumbuka. Mama yangu! Ule mti hatukuutoa!

Nilikimbia kama mwizi. Nilipofika Baba alikuwa ameshaufikia. Upepo ulikuwa umevuta kanga, na mti umebaki mtupu na kofia yake kichwani.

"Tupokigwe," alisema taratibu. "Mkwe wangu ni mti."

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu, Baba."

Nikamwona anakumbuka yote, kile kikohozi chake na yale majivuno ya Jumapili. Akainama kwa hasira, akashika fungu la yale majani na kuling'oa. Mizizi ikatoka na bonge la udongo mweusi wenye unyevu, na nyungunyungu wawili wanene wanajinyonganyonga. Siku hiyo shamba lake la maharage, safi kama sahani, lilikuwa linatoa vumbi. Baba alilitazama bonge lile. Akalifinya kidole kwa kidole. Kisha akalirudisha kwenye shimo lake, akalikanyaga polepole kwa unyayo, akachukua mundu na kukata hadi giza.

Kesho yake kazi ikaisha. Mpunga ukapona, na mvua ikarudi wiki iliyofuata.

Lakini kuna mtu alikuwa njiani siku ile ya mti. Sijui nani, ningemjua ningemnyoa bila maji. Habari zikazagaa. Baba akipita, watu wanakohoa. Akienda kinu cha kusaga, wanawake wanakohoa. Kanisani aliposimama kutoa tangazo, benchi zima la nyuma likakohoa, na mzee wa kanisa aliyekuwa anawanyamazisha naye akakohoa. Baba alirudi nyumbani amekunja uso, akasema mbele yetu sote kwamba mavuno yakiingia, mteremko ni wa Naseeb, na asisikie mtu analitaja jambo hilo tena. Nilijua amekasirika kwa sababu ya kuchekwa, wala siyo kwa sababu ya shamba. Kila jioni alikuwa anapita njia ya juu na kusimama pale kuutazama mpunga unavyoinamisha vichwa. Lakini mzee akishasema, amesema.

Tulivuna Mei. Mpunga ulikuwa mwingi hadi tukaazima magunia. Jumamosi iliyofuata Baba akaita kikao. Akaja baba mdogo Jotham kuwa shahidi, akaja Naseeb na shati lake limepigwa pasi, kijana mpole, hata mimi nilishindwa kumchukia. Sekela alipika wali wa mpunga ule ule. Nikauleta sebuleni, harufu ikatangulia mbele yangu.

Walikula, wala sitawasingizia. Baba mdogo Jotham alifungua mkanda. Naseeb alisema, "Mashallah, wali huu umelimwa huku kwetu?" Baba alikomba sahani yake hadi punje ya mwisho, akafuta mdomo, akakaa sawa.

"Tupokigwe."

"Abee, Baba."

"Mwambie mkwe wangu nimemshukuru kwa chakula. Shamba namkabidhi huyu kijana."

Jikoni mfuniko wa sufuria uliacha kugongagonga. Nikanyanyuka. Hatua sita, na katika hatua hizo nilimkasirikia Jackson na Chunya yake, nikamkasirikia Baba na kila aliyewahi kukohoa, nikajikasirikia mimi mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja ya kubeba maneno ya watu kama punda. Nilimkuta Sekela amechuchumaa mbele ya jiko, mikono magotini, machozi yanamdondoka wala hayafuti. Alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia.

Nikasimama katikati ya jiko na kusema kwa sauti ya kumwita ng'ombe, "Wifi, Baba anakushukuru kwa chakula. Anasema shamba ni lako. Ulilime wewe na watoto wako."

Sebuleni nikasikia baba mdogo Jotham amepaliwa. Sikurudi. Nilivuta kigoda nikakaa. Atakayetaka kusahihisha alikuwa na njia mbili tu, anitume tena, na mimi sinyanyuki, au amwambie mkwe wake mwenyewe kwa mdomo wake.

"Tupokigwe," Baba aliita.

"Abee."

"Umefikisha?"

"Nimefikisha, Baba."

Hakunituma tena. Sekela alinikamata mkono hadi ukauma. Kisha akasema, "Mwambie ndaga fijo, namshukuru sana. Mwambie shamba nimelipokea."

Hapo ilibidi ninyanyuke, maana ujumbe ni ujumbe. Nikarudi sebuleni, nikasimama mbele ya Baba. "Anasema ndaga fijo, Baba. Shamba amelipokea."

Baba hakunitazama. Alimtazama Naseeb, akafungua viganja vyake vyote viwili. "Umeona mwenyewe, kijana wangu," alisema. "Ujumbe umeshafika, na jibu limesharudi. Mimi nifanyeje?"

Naseeb alimtazama Baba, akanitazama mimi, akaanza kutabasamu kidogo kidogo. Akasema kuna mteremko mwingine upande wa Igogwe atauulizia.

Ndipo Baba akanigeukia na kuninyooshea sahani yake tupu. "Mwambie aniongeze wali."

Hilo nililifikisha kama lilivyo.