Mlenda wa Nyapara Komba

Siku yangu ya kwanza kazini nusura nifukuzwe kabla jua halijapanda. Ilikuwa Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya arobaini, Wazungu wa mashamba ya karanga wanajenga nyumba na kila nyumba inataka bustani. Mimi kijana wa Mbekenyera, jembe nalijua tangu utotoni. Nikaambiwa, "Ng'oa magugu." Nikang'oa kila kisicholiwa. Mlenda ulioota wenyewe nikauacha. Nani mwenye akili anang'oa mboga?

Kumbe nimeng'oa maua ya Bwana Bustani, mkubwa wetu! Akaja, uso umemwiva.

"Kazi basi! Nenda!"

Nyapara wetu, Mzee Komba, Mngoni wa Songea, akavua kofia. "Bwana, huyu Mmwera ni mtani wangu. Ukimfukuza, mimi nitamtukana nani?"

Bwana akacheka bila kupenda, nami nikabaki.

Komba ndiye aliyenifundisha kazi. Ndago, vijana, ukivuta jani tu umejidanganya, maana kiazi chake kiko chini. Sharti uchimbue kwa uma wa bustani. Mchwa nao, ufukue kichuguu mpaka umpate malkia. Tumbili ndio waliotushinda. Tunapiga madebe, wao wamekaa juu ya bati na mahindi yetu mkononi.

"Waamkie wajomba zako," Komba ananiambia.

"Aka! Si hao mliokuja nao kutoka Songea?"

Hatukununiana hata siku moja.

Jioni alikula kwetu. Mke wangu Somoe aliuchuma mlenda ule ule wa kwenye matuta ya maua, akatupikia na ugali wa mtama. Komba hakuwa na mke wala ndugu huku, na jambo hilo lilimuuma. Siku moja aliacha tonge mkononi.

"Mtani, nikifa huku nani atanililia?"

"Sisi Wamwera? Tutakucheka."

"Basi mnicheke. Nisizikwe kimya tu."

Nikamwahidi.

Mashamba ya karanga yakaanguka, Wazungu wengi wakaenda zao. Mimi nikahamishiwa Ruangwa, bustani ya zahanati, chini ya mganga aliyetaka mchicha wa wagonjwa, maua hana habari nayo. Nilimpenda kwa hilo. Komba alibaki Nachingwea, na huko ndiko kifo kilikomkuta. Mimi na Somoe tukafunga safari.

Kwa desturi yetu, mtani huingia kaburini akalala, hatoki mpaka ndugu wa marehemu wampe chochote. Nikaingia. "Wangoni! Mzee wenu amenimalizia mlenda wangu wote! Sitoki!"

Watu wakacheka, kisha wakageuka kumtafuta ndugu wa marehemu. Hapakuwa na Mngoni hata mmoja wa kunipa kitu. Nikabaki nimelala, udongo baridi mgongoni, machozi yananiingia masikioni. Nilimhurumia mno rafiki yangu.

Somoe akapenya katikati ya wanaume, akanirushia fungu la mlenda alilochuma njiani.

"Haya, mtani, umelipwa. Toka. Leo Mngoni ni mimi."

Nilistaafu zamani, na mgongo haunitii tena. Lakini kila mvua zikianza huenda Nachingwea kupalilia kaburi la Komba. Ndago naichimbua na kiazi chake. Mlenda nauacha. Nani mwenye akili anang'oa mboga?