Hadubini na Silabi Iliyopotea

Katika kiwanda chetu cha uchapaji palikuwa na mwanamke mmoja ambaye hakuna karatasi iliyotoka nje bila kupita mbele ya macho yake. Tulimwita Hadubini. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani zile kurasa za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijaenda mtamboni, na kutia alama nyekundu kila palipokosewa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa katika kijichumba cha vioo kati ya ofisi ya meneja na ukumbi wa mitambo, rula mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, midomo ikichezacheza kama mtu anayetafuna hewa. Alisoma mitihani ya shule, vibandiko vya dawa, kadi za harusi, ratiba za mabasi na vitabu vya dini zote. Mimi nilikuwa upande wa kushona vitabu na kubandika majalada, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni pake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yaliyobaki alinisimulia tukila chakula cha mchana.

Alizaliwa katika nyumba ya watu wa dini hasa. Baba yake alikuwa akiongoza ibada, na yeye akiwa na miaka tisa alishajua sala zote kwa moyo, akawa anasimamishwa mbele ya wageni azisome. Alipofika miaka ishirini na kitu, imani ikamtoka.

"Sikugombana na Mungu," aliniambia. "Wala hakuna aliyeniudhi. Iliniisha kama sabuni bafuni. Unaoga nayo kila siku, huoni inavyopungua, halafu siku moja unapapasa pale inapokaa, hakuna kitu."

Nilimuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa wiki mbili hivi. Kisha nikaona asubuhi bado naamka, kazi bado naipenda, mtoto wa jirani akilia bado moyo unanishtuka. Nikasema kumbe huruma hii ilikuwa yangu mwenyewe, sikuazima kwa mtu."

Hakulitangaza jambo hilo. Hakuwa mtu wa kuzunguka na kubishana na waumini. Aliolewa na fundi friji, mtu mpole mwenye dini yake, na kila wiki alimpigia pasi shati la ibada, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi ndani na gazeti lake. Mama mkwe aliishi nao. Watoto hawakupata. Walikaa hivyo miaka ishirini na minne, kila mtu na lake, na nyumba haikuwaka moto.

Kisha fundi friji akaugua figo. Aliugua mwaka mzima, na mwaka huo wote Hadubini alikuja kazini na macho mekundu lakini hakuacha kosa hata moja lipite. Mumewe alipofariki, siku ya mazishi wanawake walimzunguka kumpa pole, na mmoja wao akamwambia, "Usilie, dada. Mtaonana naye tena."

"Asante, dada yangu," Hadubini akamjibu. "Ila mimi siamini kwamba tutaonana. Ndiyo maana nalia."

Hakusema kwa ubishi, alisema kwa kuwa alichoka na hakuwa na nguvu ya kusema kingine. Lakini maneno yana miguu mirefu kuliko watu. Kabla wiki haijaisha, mtaa mzima ulijua kwamba yule mama wa prufu hana Mungu.

Mama mkwe alikaa siku tatu bila kumsemesha. Siku ya nne, asubuhi, alikuwa mezani anachambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo kwako wewe mwanangu yuko wapi?"

"Hayupo, mama."

Bibi akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Lakini alikuwepo," Hadubini akasema. "Miaka ishirini na minne alikuwepo humu ndani, akikoroma, akiacha skrubu zake mpaka kwenye sahani za chakula. Hilo hakuna kifo kinachoweza kulifuta. Kifo kimechukua kesho yake. Jana yake hakiwezi kuigusa."

"Na mimi nikiamini kwamba yuko mahali pema?"

"Amini, mama. Sikuzuii. Mimi nimekuambia langu kwa kuwa umeniuliza, na wewe sijawahi kukudanganya."

Bibi akafikiri. "Kweli hujawahi," akasema. "Hata siku ile nilipokuuliza kama gauni la zambarau linanipendeza."

Wakacheka wote wawili, halafu wakalia, halafu wakapika. Tangu siku hiyo hawakutengana. Siku za ibada Hadubini alimshika mkono mama mkwe wake mpaka mlangoni pa nyumba ya ibada, akakaa kwenye benchi la nje na gazeti, akamngoja atoke.

Huku kiwandani mambo yalikuwa hayajaanza. Mteja wetu mkubwa alikuwa jumuiya ya waumini ya pale mjini, na msimamizi wa vitabu vyao tulimwita Katibu. Mwaka huo walileta kitabu cha mafundisho ya watoto, nakala elfu kumi. Kilikuwa kitabu cha zamani, wazee wao wote walilelewa nacho, ila sasa kilikuwa kinapangwa upya kwenye kompyuta. Katibu aliingia ofisini kwa meneja, na vioo vile havikuzuia sauti.

"Kitabu hiki hakiwezi kupita mikononi mwa mtu asiyemwogopa Mungu," alisema. "Mtu asiyeogopa chochote, nini kitamzuia kutuharibia?"

Meneja wetu alikuwa bendera, na bendera hufuata upepo. Akamwita Hadubini, akamwambia kitabu kitasomwa na mtu mwingine, yeye aendelee na vibandiko vya dawa. Hadubini akasema sawa. Aliumia. Nilijua kwa sababu mchana huo alikula chakula chote kimya, na yeye kwa kawaida alikuwa mtu wa kuongea huku anatafuna.

Kitabu kikapewa mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwema na mcha Mungu, ambaye alifundisha kitabu hichohicho miaka arobaini. Angeweza kukisoma taa ikiwa imezimwa. Alikimaliza kwa siku mbili, akaweka sahihi, kikaenda mtamboni.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mtambo mkubwa ulikuwa unanguruma, karatasi zinaruka upande mmoja na kutua upande wa pili, kila karatasi ina kurasa kumi na sita. Katibu mwenyewe alikuja kushuhudia, amekaa kwa meneja na kikombe cha chai. Hadubini alitoka kijichumbani mwake kwenda kunawa mikono, na alipopita kando ya rundo akachukua karatasi moja, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya kazi. Hakuwa anavizia kitu. Nilimwona akisimama. Midomo ikacheza, ikasita, ikarudi nyuma, ikacheza tena. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mtambo, akabonyeza kitufe chekundu.

Ukumbi ukanyamaza ghafla mpaka tukasikia bomba likidondosha maji.

"Dada, umefanya nini?" fundi wa mtambo akauliza. "Si uliambiwa kitabu hiki usikiguse?"

"Sijakigusa kitabu," Hadubini akasema. "Nimegusa mtambo."

Meneja akatoka mbio, Katibu nyuma yake na kikombe mkononi. "Nilisema mimi," Katibu akasema. "Nilisema atatuharibia."

Hadubini hakubishana naye. Akatandaza karatasi juu ya meza ya kukatia, akaweka kidole.

"Katibu, tafadhali nisomee mstari wa tano. Kwa sauti."

Katibu akavaa miwani. "'Usimdhulumu yatima na mjane,'" akasoma. "Kuna nini hapo?"

"Soma tena."

"'Usimdhulumu yatima na mjane.'"

"Bosi, soma na wewe."

Meneja akainama, akasoma vilevile. Sote tuliosogea tukasoma vilevile, nami nilikuwa mmoja wao. Hadubini akachukua rula yake, akafunika mstari wote ukabaki mwanzo tu.

"Sasa msisome neno," akasema. "Someni herufi, moja moja."

"U," Katibu akasema. "M." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "U. M. D." Uso ukamshuka. Akasogeza rula pembeni na kusoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. "'Umdhulumu yatima na mjane.'"

Silabi moja tu, *si*, ilikuwa imedondoka. Baadaye tuligundua kwamba neno lilikuwa limekatwa mwisho wa mstari, *Usi* juu na *mdhulumu* chini, na mpangaji wa kurasa alipoliunganisha akafuta kistari pamoja na silabi iliyokitangulia. Mwalimu mstaafu alipita hapo bila kuona lolote, kwa sababu alikuwa anakariri, hasomi.

Fundi wa mtambo ndiye aliyeanza kucheka. "Watoto elfu kumi," akasema, akishika tumbo. "Wangeamriwa na wazazi wao wakaifanye kazi hiyo."

Katibu hakucheka. Alikaa juu ya marobota ya karatasi.

"Kitabu hiki nimekisoma tangu nina miaka saba," akasema. "Nimeiona *si* ambayo haipo. Mara mbili."

"Wewe unasoma kilicho moyoni, mzee wangu," Hadubini akamwambia kwa upole. "Mimi nasoma kilicho kwenye karatasi."

Katibu akamgeukia. Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ile ofisini kwa meneja.

"Mama, ungeweza kunyamaza. Tumekutoa kwenye kazi yako kwa maneno mabaya. Kitabu kingetoka, tungeaibika mji mzima, wewe ungekaa pembeni unacheka. Na kwa imani yako hakuna anayekuandikia dhambi. Kwa nini hukunyamaza?"

"Yatima wapo, Katibu?"

"Wapo."

"Na wajane?"

"Wapo."

"Mmoja unaongea naye hapa. Mimi sihitaji kuogopa moto ndipo nijue kwamba akidhulumiwa anaumia. Najua anavyoumia." Akakunja karatasi vizuri, akaiweka mezani. "Na huyo mtoto atakayekisoma ana miaka saba, kama ulivyokuwa wewe. Ninavyoamini mimi, hatapata maisha mengine ya kusahihishia haya. Maisha haya si prufu, ndiyo kitabu chenyewe. Sasa nitaacha vipi aanze nayo vibaya na mimi nimeona?"

Katibu aliinuka, akampa mkono, na mkono ule aliushika kwa mikono yake yote miwili. Hapo hapo akamwambia meneja kwamba kitabu kirudi kwa mama huyu chote, tangu jalada mpaka jalada, hata kikichukua mwezi.

Kilichukua wiki mbili. Karatasi mia nne zilizokuwa zimeshachapwa zilikatwakatwa, na Hadubini akatoa makosa mengine kumi na tisa, moja likiwa katika jina la jumuiya yenyewe. Mwalimu mstaafu alikuja kijichumbani mwake siku ya tatu, kofia mkononi, akaomba akae pembeni ajifunze. Akasogezewa kiti. Walisoma pamoja, yeye akisoma kwa sauti na Hadubini akifuata kwa rula, na mchana waligombana kama pepo ipo au haipo huku wakigawana mkate mmoja. Habari zilipoenea, waumini wa dini nyingine nao walileta vitabu vyao, wakasema wanamtaka yule mama asiyeamini, kwa kuwa hana upande wa kupendelea. Meneja, aliyeona upepo umegeuka, akambadilishia kijichumba kwa chumba chenye dirisha.

Siku ya kuzindua kitabu, Katibu alimwalika. Ukumbi wa jumuiya ulijaa watu wapatao mia sita. Hadubini aliketi safu ya mbele na mama mkwe wake, aliyevaa gauni jipya la kijani. Katibu akasimama, akasimulia kisa chote bila kujificha, pamoja na alivyosema yule mama atawaharibia, na alivyosoma mara mbili kitu kisichokuwepo. Watu walicheka mpaka watoto wakacheka kwa kuwaona wakubwa wanacheka. Akaonyesha ukurasa wa nne, ambapo kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja jina la msomaji prufu lilikuwa limechapwa. Kisha akamalizia, "Ingawa yeye mwenyewe haamini, sisi tunajua ni nani aliyemtumia."

Mama mkwe akainua fimbo yake.

"Katibu, sema asante kwanza," akasema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Macho ni yake na kazi ni yake. Hayo mengine tutajadiliana nyumbani."

Katibu akainamisha kichwa. "Asante, mama," akamwambia Hadubini. Ukumbi ukasimama. Nimehudhuria uzinduzi mwingi wa vitabu tulivyochapa, na sijawahi kuona watu wakimpigia makofi msomaji prufu. Hadubini alisimama wima, mrefu kuliko nilivyomjua, akawatazama wote, wale waliomkwepa tangu mazishi yale na wale ambao hawakumjua. Hakuomba radhi kwa lolote na hakuna aliyemtaka aombe.

Kisha watoto wakapanga mstari, kila mmoja na kitabu chake kimefunguliwa ukurasa wa nne, wakitaka aweke sahihi chini ya jina lake. Aliandika mpaka wino wa kalamu yake ukaisha, na mstari ulikuwa bado unafika mlangoni. Katibu akachomoa kalamu mfukoni mwake, akampa, akabaki amesimama pembeni yake akimshikia vitabu.